Kiinua Mgongo

Kiinua mgongo changu kilishuka chini
mita tisini na mbili, hapa Manzase,
mgongo wenyewe ukabaki umeinama.

Alitangulia mpimaji, kijana wa watu, Chisute.
Akachomeka vyuma, akatandaza nyaya
toka mgunga wa mpakani hadi kaburi la shemeji,
akakodolea kimashine chake, akakohoa:
"Mwalimu, maji yapo. Lakini mwamba una kisirani."
Nikamlipa, akanipa risiti.
Ile "lakini" haikuandikwa.

Kisha lori la mtambo,
likakata kona ya kanisani, likabeba uzio wa minyaa wa Ndahani
(nilimlipa Ndahani pia).
Bei ni kwa mita.
Nani alifundishwa kusali kwa mita?
Nilikalia ndoo niliyoipindua, nikizidisha kichwani,
mimi niliyefundisha Hesabu miaka thelathini na tatu:
mita ya thelathini, vumbi jekundu;
ya hamsini, vumbi jeupe kama unga wa uwele;
ya sabini, vumbi.
Kila walipounga chuma kingine
fundi Madeha, masikio kayaziba kwa pamba,
alinitazama kwa macho ya muuza sanda.

Kwenye tisini mlio ulibadilika.
Haukupungua. Uliingia mate.
Tope likaruka, likanipaka gauni la Jumapili,
na watoto waliojaa juu ya kichuguu
wakapiga yowe ambalo darasani
ningewapigisha magoti wote.

Nikakinga kiganja, nikaonja.
Chumvi.
Si ya kutema. Chumvi ya kukufanya uonje tena.
Ng'ombe wanayagombea, maharage hayaivi,
sabuni haitoi povu hata uibembeleze.
Sechelela, jirani yangu, alichota la kwanza, akaenda, akarudi:
"Basi heri. Mlenda wangu haudai kitu."

Watu hudhani kisima ni kuchimba.
Kuchimba ni harusi.
Mwaka wa pili pampu ikanyamaza, jua la saa sita,
paneli zinang'aa kama hazihusiki.
Wakasema ni jini la chini.
Tulivuta mabomba watu tisa, moja baada ya jingine,
tukayalaza juu ya karanga zangu changa,
Madeha akafuata waya kwa kidole, polepole, hadi juu kabisa:
panya.
Hatua mbili kutoka mlangoni kwangu.

Tangu hapo nina daftari. Ni la mahudhurio,
lilibaki na kurasa siku niliyostaafu.
Kila tarehe mosi, kabla sijawasha pampu,
nateremsha kamba yenye nati ya trekta
hadi niisikie ikigusa, *chubwi*, mbali kama mtu anayeitikia akiwa usingizini.
Nahesabu mafundo. Naandika.
Mei: mita thelathini na moja. Yapo.
Agosti: thelathini na nne. Yapo.

Ng'ambo ya korongo wamekuja watu na zabibu,
mistari imenyooka, kisima chao kirefu kuliko changu.
Walinisalimia vizuri. Waliniletea hata kichane cha zabibu nyeusi, tamu.
Pampu yao huanza saa nne.
Saa nane kamba yangu inadai fundo jingine.
Hakuna aliyeruka mpaka. Mipaka yetu ni ya juu,
mita moja ya zege na namba iliyochongwa;
huko chini hakuna aliyewahi kusimika jiwe.

Jana, Oktoba mosi, niliteremsha kamba yote.
Nati ikaning'inia, kimya.
Nyuma yangu ndoo kumi na moja na Sechelela, haulizi.
Nilikwenda ndani, nikakata kamba ya kuanikia nguo,
nikaunga, nikateremsha tena, nikasikiliza.

*Chubwi.*

Arobaini na tatu.
Nikaandika: Yamechelewa.
Kwa kuchelewa sikuwahi kufuta jina la mtoto.
Kisha nikamwita Madeha, nimuulize bei ya mita.