Fundo la Begani

Siku ya kumi na moja tangu wodi,
nimesimama katikati ya nyumba, Manyatta,
leso mkononi, mtoto kitandani,
nami sijui nianzie wapi kufunga.

Mimi, fundi cherehani!
Mimi niliyekunja marinda ya kwaya nzima
usiku mmoja, kwa tochi ya simu,
nashindwa na kitambaa chenye pindo nne.

Dana Persila ananionyesha njia aijuayo:
uiname hivi, mgongo uwe meza,
mtoto apandishwe, atulie kama paka juani,
kisha uzungushe, ukaze, ufunge kifuani.
Nainama robo.
Tumbo linasema: Hapo hapo.
Narudi juu polepole, nimeshika ukingo wa kabati,
joto la mabati likinitiririka puani.

Siku hizi mambo madogo yana bei.
Kucheka, bei. Kikohozi, bei kubwa.
Mtungi wa lita ishirini nautazama tu
kama mdeni anayenipita bila salamu.
Jana shemeji alisimulia kisa cha jogoo wa mchungaji,
nikambembeleza kwa machozi: nyamaza, utanifumua.

Mshono wenyewe nimeuona kwa kioo cha mkono.
Si mbaya. Ningetoza mia mbili.
Sindano imekwenda sawa hadi upande wa kushoto,
pale daktari, nadhani, aliitwa na mwingine,
uzi ukapanda kidogo, ukashuka.
Naelewa. Wateja wakiwa foleni hata mimi hupinda.

Kuna waliosema, pale kwenye kioski cha maji,
ati huyu hakuzaa, alitolewa mzigo dirishani.
Sawa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba,
kamba ya kitovu, raundi mbili shingoni mwa mtoto;
kila nikisukuma, moyo wake ukipunguza mapigo,
nesi akiyahesabu kwa sauti,
kisha si kwa sauti.
Ndipo akaitwa Awino. Jina alikuja nalo,
limeshamzunguka.

Na hiyo ndiyo sababu, niseme? Naogopa leso.
Naogopa chochote kinachomzunguka.

Dana hajibu. Hata sijui kama nilisema kwa mdomo.
Anafungua leso ya kiunoni mwake, ile iliyochakaa,
maandishi yamefifia yote, limebaki neno BADO.
Anaipitisha juu ya bega langu la kulia,
chini ya kwapa la kushoto,
anamweka Awino kifuani, juu, mbali na kidonda,
matako kwenye mkunjo, magoti kama ya chura,
kidevu kimeinuliwa, pua inaona dunia.
Fundo analikaza begani.
Kisha anapenyeza vidole viwili kati ya leso na shingo,
viwili tena kati ya leso na tumbo langu,
anavigeuza, anaridhika.
Kipimo hicho nakijua. Ndivyo ninavyopima kola.

Natembea. Kitanda hadi mlango.
Mlango hadi kamba ya nguo.
Kilo tatu na robo, walisema wodini;
mimi nabeba joto linaloegemea,
linalopumua kinyume na pumzi yangu,
kisha, karibu na beseni, sambamba.
Huko chini mshono unavuta, unalegeza, unavuta,
kama mtu anayejaribu uzi kabla ya kuukata.

Mama Lavenda yuko langoni na sare ya shule:
kola haijakaa, na Jumatatu ndiyo kesho kutwa.
Namwambia mguu wangu haujaruhusiwa kukanyaga pedali.
"Sikuharakishi," anasema, na haondoki.

Basi naketi upande upande. Nageuza gurudumu kwa mkono,
tundu moja,
tundu moja,
Dana nyuma yangu akijifanya anachambua omena,
Awino kalala kati yangu na cherehani,
sikio kwenye mfupa wa kifua.
Uzi unaisha katikati ya kola.
Siinami kuokota mwingine.
Nangoja.