Chaki

Nimepewa chaki kwa sababu sina upande.
"Ahesabu Yahoska," amesema Don Eliécer,
"mgeni hana shangazi wa kumpendelea."
Wamecheka. Nami nimecheka, nusu sekunde nyuma yao,
kama ninavyochekea kila kitu hapa Upala.

Ni kura ya bomba la maji tu:
lipite kwa wenye mashamba ya mananasi
au literemke hadi kwetu, kwenye mabati,
mtaa wenyeji wanaouita Managua Ndogo
ilhali wengi wetu tumetoka Masaya.

Miaka sita, nimejifunza mengi.
Kuitamka s ya mwisho wa neno
niliyozoea kuimeza kama kokwa.
Kutobishana wali na maharage ni chakula cha nchi gani.
Foleni ya kitambulisho, inayoanza saa tisa za usiku
na kuishia kwenye "rudi Machi."

Hili tu sijalizoea:
Grettel wa duka la dawa kasimama,
kamwita mwenyekiti mwizi,
mbele ya watu, mbele ya polisi anayetafuna mkate,
kisha kaketi, kaomba sukari.
Mwenyekiti kampa sukari.

Mimi nilikuwa nautazama mlango.
Nilikuwa nasikiliza pikipiki.
Kaka yangu Ulises alisema machache kuliko hayo.
Alisema sanduku lilikuwa zito
kabla kituo hakijafunguliwa.
Mama bado anamwekea sahani.

Mstari, mstari, mstari, mstari,
wa tano unaikata minne kiunoni.
Chaki inavunjika.
Don Eliécer anainama, ananiokotea kipande.
"Polepole, binti. Hakuna anayekufukuza."

Kumi na tisa kwa kumi na saba. Bomba linateremka.
Walioshindwa wananuna na kubeba viti vyao,
mmoja ananiuliza nafurahia nini, kwani nimepiga kura?
Sikupiga. Mhesabuji hapigi.
Na ya rais nitaipiga lini, sijui;
binti yangu Heyling, mzaliwa wa hapa,
atanitangulia.

Usiku namsimulia: sukari, chaki, maji yanayokuja.
Nikifika kwenye jina la mjomba wake
nainuka, nafunga dirisha.

Yeye analifungua.
"Joto, mama," anasema.
"Haya, endelea."