Mzinga Usiovuma

Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema.
Langu lilikuwa limejaa, na lilivuma vilevile:
feni mbili ndogo, kila moja kama kisahani cha kikombe,
zikikimbia kana kwamba zinadaiwa kodi,
na bati la ubavuni likiitikia, ndrrr, ndrrr,
mpaka niweke kamusi juu yake.
Hutulia kidogo. Kisha huanza upya.

Chumba chetu cha Ng'ambo ni kimoja.
Mihayo hurudi alfajiri kutoka karakana ya reli,
grisi mpaka viwikoni,
anaoga, anakunywa uji, anageukia ukutani.
Mimi nafungua hesabu za chama cha wafuga nyuki:
ndoo ngapi zimetoka Sikonge, ngapi Urambo,
nani amelipwa, nani bado analalamika.
Mchana wangu ni usiku wake.
Hakuwahi kusema neno. Alijifunika mto tu,
na hilo lilinichoma kuliko kama angegomba.

Nikaweka akiba miezi minne.

Dukani kwa Barwani, karibu na stesheni,
kijana Nassor alinionyesha kasha la kioo
linalowaka rangi saba kama ukumbi wa harusi.
"Hili, dada, ndilo la kisasa."
Nikapitisha kiganja usoni pake: kioo kitupu.
Linapumulia wapi?
Alicheka. Mimi sikucheka.
Akaleta la kupozwa kwa maji, lenye mipira na pampu.
Mdogo wangu, nikamwambia, maji ya Tabora
nimeyapangia foleni tangu nina meno ya utoto,
leo niyafungie ndani ya kompyuta?
Hapo alicheka kwelikweli.

Nikakumbuka wanayonieleza wafugaji wetu
wakisubiri malipo kwenye benchi:
kwamba nyuki, jua likikaza mwezi wa kumi,
hujipanga mdomoni mwa mzinga wakapiga mbawa,
hewa ya moto itoke, ya baridi ipate njia;
na mzinga wenye nafasi hutulia,
uliobanwa ndio hunguruma usiku kucha.

Nikachagua jeusi, pana, zito, baya kwa sura,
uso wake wote wavu.
Feni tatu kubwa, upana wa sahani ya ugali,
za kutembea polepole kama mtu aliye shambani kwake.
Na mnara wa alumini wenye mapezi membamba,
uzito wa kifaranga aliyekomaa,
ukae juu ya kile kipande kinachochemka;
kati yao dawa ya kijivu, punje ya mchele, basi.

Fundi Kitundu alikuja Jumapili.
Tulikata tyubu ya baiskeli vipande vipande,
tukavivalisha kila skrubu, bati lisiseme na bati.
Mbele nikashona kipande cha chandarua kuukuu
kwa vumbi letu jekundu lisilojua hodi.
Mbili zivute, moja itoe, alisema,
kama nyumba ambayo mlango na dirisha vinatazamana.

Jumatatu nikabonyeza.
Kimya.
Nikabonyeza tena, kumbe nimeizima.
Mara ya tatu nikapeleka kiganja nyuma yake:
upepo vuguvugu, pumzi ya ndama.

Nikaketi. Sikonge, ndoo arobaini na moja.
Nikaanza kusikia.
Njiwa wakitembea juu ya bati.
Saa ya ukutani, niliyodhani ilishakufa.
Jirani akichambua mchele, ungo ukirushwa na kudakwa.
Na nyuma yangu, kikohozi,
kikavu, kifupi, cha mtu anayekizimia kwenye mto.
Kimoja. Halafu, ndoo tatu baadaye, kingine.

Kimeanza lini? niliuuliza mgongo wake.

Hakuwa amelala.
"Tangu masika," alisema.
"Ulikuwa na kazi. Sikutaka kukupigia kelele."