Mfongo, Sura ya Nne

Kitabu cha mtandaoni kilisema mifereji yote
ilichimbwa na serikali.
Aikaruwa wa Kibosho akanyoosha mkono,
akaushusha,
akaivuta kibodi:

"Mfongo wetu aliuchimba babu yake babu.
Zamu yetu ya maji ni Alhamisi, kabla jogoo hajawika."

Mtandao ukagoma. Mwalimu Ndelilio
akapanda juu ya dawati, simu dirishani,
akiutafuta mnara wa Moshi mjini.
Sentensi ikaenda.

Jumatatu tukakuta mtu wa Tandahimba, tusiyemjua,
ameturekebishia nukta
na kuacha swali:
asiyekuja kuzibua, mnamnyima maji?

Tukatazamana. Kila mmoja
alikuwa na jibu la kwao.
Kiti kilikuwa kimoja.