Zamu ya Ijumaa

Karatasi niliibandika mimi
mlangoni mwa jiko, kwa uji wa muhogo,
maana gundi iliisha tangu Ramadhani.
Majina manne, siku saba.
Saba haigawanyiki kwa nne, nikawaambia,
basi ninyi mbilimbili,
mimi moja, kwa kuwa ndiye mwandishi.
Wakacheka. Nilidhani wamekubali.

Mimi kazi yangu mizani.
Msimu mzima niko ghalani, napima korosho;
gunia likipungua robo kilo
silipitishi, hata liwe la mjomba.
Na humu, nyumba yetu ya kupanga Chikongola,
nikaona nimeleta haki
iliyonyooka kama rula.

Jumapili Nangumbi alichemsha ming'oko,
akaimenya ya moto, akipuliza vidole.
Dadi na choroko zake:
mkaa unateketea, zinaiva sisi tumeshalala.
Somoe, kabla ya zamu ya usiku hospitali ya Ligula,
alitwanga kisamvu, kinu kikimrukia,
akala wima, akaondoka
na harufu ya vitunguu ndani ya sare.

Na Ijumaa yangu?
Ijumaa mama mwenye nyumba humtolea marehemu mumewe sadaka:
sinia la wali, samaki juu, kawa limefunika.
Kazi yangu ilikuwa kuitikia hodi.

Mpaka alipokwenda Newala kumcheza mjukuu.

Saa moja. Saa mbili. Hodi haikuja.
Dadi akatazama dari.
Nangumbi akatazama karatasi.
Somoe hakusema neno;
alikisukuma kibao cha mbuzi kwa mguu,
polepole,
mpaka kikagota goti langu.

Nikakikalia. Nazi ya kwanza ikanila kidole.
Maji ndoo mbili, ya kisima,
yana chumvi kabla ya chumvi.
Mchele, kokoto. Kokoto, mchele.
Moshi ukanijaa, nikawaza:
chozi la jikoni lina gramu ngapi?
Na lile swali la tangu alfajiri,
leo watakula nini,
unaloenda nalo kazini na kurudi nalo,
hilo unaliweka upande gani wa mzani?

Tulikula saa tano kasoro.
"Chumvi imezidi," Dadi akasema. "Gunia hili lirudishwe."
Wakacheka kama siku ile,
na mimi nikacheka, nimeinamia sufuria,
nakwangua ukoko mweusi kwa kijiko
hadi mkono ukafa ganzi.

Asubuhi, kwenye karatasi,
Jumanne moja ya Somoe imefutwa kwa mkaa,
jina langu pembeni, herufi zimelala ubavu.
Sikuuliza nani.

Niliuliza tu
mkaa huwa tunanunua wapi.