Tepu Mfukoni

Kadi mia mbili nilichapisha mtaa wa Biashara,
jina langu kwa wino wa dhahabu:
Fundi Lali, Mapazia na Foronya, Kibokoni.
Mia na tisini zimo katika mtoto wa meza,
zimelala na sindano zilizovunjika.

Wateja niliwapata kwenye foleni ya mbaazi,
bakuli mkononi, macho yangali na tongo.
"Waambaje leo?"
"Salama, ila hili jua! Latufuata mpaka kitandani."
Nami, huku nikichungulia tui lisiishe:
"Kwani dirisha lenu ni lile la mashariki?"
Basi. Hapo pazia limeshashonwa nusu.

Mwengine nilimpata kwa kulaumu bei ya vitunguu.
Karani wa zahanati, kwa kukohoa pamoja naye.
Husema maneno matamu humtoa nyoka pangoni.
Mimi nyoka wa nini?
Namtaka mwenye nyumba,
tena mwenye madirisha manne.

Siku moja nikamkuta Bwana Mselem
akimngoja mwenye mkokoteni wa maji.
"Habari za nyumbani?"
Na swali langu, Mungu anisamehe, lilikuwa na tepu mfukoni:
madirisha yake nilishayahesabu kwa kupita njia.
Akanitazama.
"Nyumbani kumekuwa kukubwa," akasema.
"Kwani hukusikia? Mama Fahari katutoka,
Ijumaa hii ya pili."
Mimi, niishiye kwa maneno,
hilo halikunifikia.

Nikambebea mtungi mmoja mpaka ghorofani.
Nikaketi. Kahawa ikaja, ikapoa.
Akanieleza alivyokuwa akikaanga samaki,
hakubali kugeuza mpaka akatae kung'ang'ania.
Jua la saa kumi likaingia bila hodi,
likakaa juu ya mto aliokuwa akiulalia,
na mimi, mshona mapazia,
sikulisema.

Ikapita miezi mitano.
Asubuhi moja, mlangoni, Mselem na mfuko wa karatasi.
"Buibui la mamake. Lipunguze, Fahari amekuwa."
Harufu ya udi ingalimo kwenye mikono.
Nikapima. Nikataja bei.
Akaruka: "Fundi Lali, wanichinja mchana kweupe!"
Tukavutana, nikashuka, akapanda,
tukataja marehemu wote wa mtaa na madeni yao,
na ile shilingi hamsini ya mwisho
sikuiachia, makusudi,
apate kukaa kidogo.