Peku

Aliandika kiganjani kwa kalamu: *Naweza.*
Lugalia akatugeukia sisi, siyo yeye:
Kiziwi, na mashine? Hapa Chavakali?

Mideva akavua kandambili,
akasimama peku kwenye sakafu ya kinu.

Sasa ni mwaka wa tatu.
Unga umemganda kwenye kope.
Vidole viwili: gorogoro mbili.
Vidole vikisuguana: saga laini, ni uji wa mtoto.

Jumanne ile beringi ilipoanza kulia
sisi wenye masikio tulikuwa tukibishania bei ya mahindi.
Yeye aliisikia kwa kisigino.
Akazima.
Kimya kikatushtua.

Lugalia alifungua, akatazama, akaguna.
Mshahara haukuongezeka.
Ila tangu siku hiyo
hakuna anayemwambia avae viatu.